Binti aliyenyamaza kwenye mdahalo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo lililonikaa moyoni tangu muhula uliopita. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia katika sekondari moja ya serikali hapa Ilemela, Mwanza. Huu ni mwaka wangu wa 19 kushika chaki. Ukisimama kwenye baraza ya madarasa ya kidato cha pili unaliona Ziwa Victoria, na upepo ukigeuka jioni harufu ya dagaa wanaoanikwa inaingia mpaka ofisi ya walimu. Wanafunzi wangu wengi wanakula na kuvaa kutokana na ziwa hilo. Baba mvuvi, mama anaanika dagaa, mjomba fundi mitumbwi, shangazi anakaanga samaki barabarani.

Katika kurasa hizi nimesoma mara nyingi wasomaji wakilalamika kwamba vijana hawana hoja, wana kelele, na ukiwapinga kidogo wanatukana. Nakubali tatizo lipo. Lakini wengi wanaitupia lawama simu, na hapo ndipo tunapoachana. Simu imewakuta wameshaiva. Sisi walimu ndio tuliowapika, kila Ijumaa saa nane mchana, kwenye kitu tunachokiita mdahalo.

Nitasimulia kilichotokea kwangu, maana nisipoanza na kosa langu sina haki ya kumwambia mwalimu mwingine neno.

Muhula uliopita nilikuwa msimamizi wa mdahalo wa kidato cha pili. Nikasema safari hii tuachane na zile mada za miaka yote: elimu ni bora kuliko fedha, maisha ya mjini ni bora kuliko ya kijijini, mwalimu ni bora kuliko daktari. Tuchukue jambo la kwetu. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, na tangu hapo huku mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki, watu wamekuwa wakiulizana kama zamu yetu inakuja. Nikaandika ubaoni: "Ziwa Victoria lifungwe kwa miezi mitatu kila mwaka." Nilijiona nimefanya la maana. Kisha nikawagawa kama tunavyogawa siku zote. Nikapita na kidole, moja, mbili, moja, mbili; wa moja wanaunga mkono, wa mbili wanapinga. Nikawapa siku mbili za kujiandaa.

Ijumaa bwalo likajaa. Mvulana mmoja akasimama upande wa watoa hoja. Ana sauti, ana mikono, anajua kupumzika kabla ya neno zito. Akaanza: "Mheshimiwa mwenyekiti, katibu, mtunza muda makini, walimu wangu, na ninyi wapinga hoja ambao leo mtarudi nyumbani mmeinamisha vichwa." Bwalo likalipuka. Akaendelea: "Utafiti unaonyesha kwamba asilimia tisini ya samaki wa Ziwa Victoria wamekwisha!" Madawati yakapigwa kama ngoma. Hakuna aliyeuliza utafiti gani, wa nani, wa lini. Mimi mwenyewe, niliyekuwa meza ya majaji, sikuuliza. Nikampa alama 38 kati ya 40.

Baadaye akasimama binti mmoja wa upande wa kupinga. Mkononi ana karatasi aliyoandikiwa na rafiki yake mwenye mwandiko mzuri. Akasoma mistari miwili, akakwama, wenzake wakaguna, akakaa. Nikampa 14.

Mdahalo ulipokwisha yeye ndiye aliyebaki kunisaidia kurudisha viti. Tulikuwa tumebeba benchi, yeye upande huu na mimi upande ule, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kwani sisi si tunafunga ziwa kila mwezi?"

Nikamwuliza ana maana gani.

"Mbalamwezi, mwalimu."

Tukaliweka benchi chini. Akanieleza. Mama yake anaanika dagaa. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa: zamani karabai, siku hizi taa za sola na betri. Giza likiwa nene dagaa wanaifuata taa na wavu unawakusanya. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, dagaa hawana haja na taa ya mtu, mitumbwi inavutwa mchangani na wavuvi wanashona nyavu. Kwa hiyo kila mwezi kuna kama siku kumi ambazo mama yake hana cha kuanika. Siku hizo anauza mihogo ya kuchemsha, na daftari likijaa yeye binti anasubiri mpaka kiza kirudi ndipo aombe jipya. "Nilitaka kusema hivyo," akaniambia. "Kama siku kumi tu tunazijua zilivyo, siku tisini mama ataishije?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Hiyo si pointi, mwalimu. Hiyo ni ya nyumbani."

Mhariri, usiku ule sikupata usingizi vizuri. Bwalo zima lilikuwa na mtu mmoja aliyeijua mada kwa macho na tumbo lake, na mtu huyo aliamini anachokijua hakifai kutamkwa mbele za watu. Nani alimfundisha hivyo? Nikijipekua jibu nalipata haraka. Pointi kwa mwanafunzi wetu ni kitu kinachotoka kwenye madesa, yale makaratasi ya majibu ya kukariri. Insha ya hoja ina utangulizi, ina hoja sita, ina hitimisho, na hizo sita anazikariri kama majina ya mito. Kuna miaka, kuanzia 2012, mtoto wa darasa la saba alifanya hata mtihani wa hisabati kwa kusiliba herufi tu, bila kuonyesha njia. Mtoto wa namna hiyo anafika kwangu akijua kwamba jibu liko mahali fulani tayari, limefungwa, na kazi yake ni kulibahatisha. Halafu Ijumaa tunampa upande kwa kidole na kumwambia atetee.

Yule mvulana nilimwita Jumatatu. Sikumgombeza. Nilimwuliza tu asilimia tisini aliitoa wapi. Akaniangalia moja kwa moja. "Nilibuni, mwalimu. Bila asilimia huwezi kushinda." Na kweli alishinda, kwa kalamu yangu.

Sisi Wasukuma tuna mashindano yetu ya ngoma, Bulabo, pale Bujora, Kisesa. Makundi ni mawili: Bagika wanacheza upande huu, Bagalu upande ule, kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Wengine huja mpaka na nyoka ili watu wamkimbilie. Babu yangu alikuwa Mgika na mimi mwenyewe nimekulia humo. Nikisikia ngoma zile miguu hainisikilizi. Lakini ngoma ni ngoma. Tumeichukua hesabu ile ile ya kuvuta watu tukaiweka mahali ambapo swali ni kipi ni kweli na tufanye nini, na watoto wamejifunza kwamba mwenye makofi mengi ndiye mwenye haki. Wakienda kwenye simu wanaendeleza tu kazi tuliyoianza.

Basi nikaamua kurudia mada ile ile, darasa lile lile, kwa njia nyingine. Nina wanafunzi 74 kwenye mkondo huo, kwa hiyo sikuwa na nafasi ya mambo makubwa. Nilitumia vipindi vya insha ya hoja ambavyo vimo kwenye muhtasari wa somo, na wiki mbili.

Nikawaambia wachore daftari sehemu nne. Ya kwanza, nilichoona kwa macho yangu. Ya pili, nilichoambiwa, na aliyeniambia anafanya kazi gani. Ya tatu, nisichokijua bado. Ya nne, ninachofikiri leo, na hapo lazima waandike tarehe. Walishangaa tarehe ya nini. Nikawaambia kesho mnaweza kufikiri vingine, na mtu asione aibu kuandika tarehe mpya chini ya ile ya zamani.

Halafu kila mmoja aongee na watu watatu: anayetaka ziwa lifungwe, asiyetaka, na wa tatu ambaye hao wawili hawakumkumbuka kabisa. Huyo wa tatu ndiye aliyewasumbua na ndiye aliyewafungua macho. Mmoja alimpata muuza barafu, ambaye mitumbwi ya sangara isipoingia ziwani barafu yake inayeyukia mikononi. Mwingine alimpata kijana anayebeba ndoo za dagaa pale Kirumba Mwaloni, analipwa kwa ndoo. Mwingine fundi wa kuchaji taa. Binti mmoja mpole sana alikwenda kwa mzee jirani yao aliyestaafu uvuvi, akamwamkia shikamoo, akamwuliza swali moja, akatoka pale jioni na kurasa nne. Mzee alimtajia samaki aliokuwa akiwavua ujana wake, ningu, gogogo, furu wa kila rangi, na akamweleza kwamba watoto wa samaki wanakaa kando kando ya ziwa kwenye maji mafupi, ndiyo maana kokoro, wavu ule mrefu wa kukokota, likiburutwa pale linabeba mpaka vifaranga. Maoni yake mzee yalikuwa kwamba fungeni kando, acheni katikati. Hakuna aliyekuwa na wazo hilo kwenye ule mdahalo wetu wa kwanza, kwa sababu mada niliyoiandika ilikuwa na milango miwili tu, ndiyo na hapana.

Hapa niseme kosa langu la pili, maana wapo walimu watakaojaribu jambo hili na sitaki walirudie.

Jumatatu ya wiki ya pili alikuja mzazi mmoja ofisini, mwenye mtumbwi wake. Hakukaa nilipomkaribisha kiti. "Mwalimu, mmeanza kuwatuma watoto kutupeleleza?" Mwanawe alikuwa amemwuliza matundu ya nyavu zake yana inchi ngapi, akaandika jibu, akaandika na jina la baba yake. Mzazi yule aliniambia kitu ambacho nilipaswa kukifikiria kabla: "Tangu mwaka 2018 watu wa Serikali walipochoma nyavu walizosema ni haramu, mtu akija mwaloni na daftari tunajua kinachofuata ni kiberiti." Alikuwa na haki. Nilimwomba radhi, nikaichana karatasi ile mbele yake nikampa mkononi. Siku hiyo hiyo nikawaambia wanafunzi: hatuandiki jina la mtu, hatuulizi vifaa vyake wala kipato chake, tunamwuliza anafikiri nini na kwa sababu gani, na kama hataki kusema tunashukuru na kuondoka. Mzazi yule hakunisamehe kabisa. Tukikutana njiani ananisalimia kwa mbali. Mwanawe alimalizia zoezi kwa kuongea na wachuuzi wa sokoni.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu huwa tunasema tunawafundisha watoto kutetea maoni, tukasahau kwamba maoni yametoka kwa watu, na watu hao wana watoto wa kulisha. Mtoto anayejua kumlinda aliyemwambia ukweli ameshajifunza kitu ambacho watu wazima wengi hatujakijua.

Siku ya mazungumzo hatukwenda bwaloni. Tulibaki darasani, tukapanga madawati duara kadiri ilivyowezekana, wengine wakasimama. Hakukuwa na meza ya majaji. Kulikuwa na sharti moja: kabla hujampinga mwenzako, lieleze kwanza alilolisema mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Mwanzoni walicheka, maana mtu alikuwa anaeleza, mwenzake anakataa, anaeleza tena. Baada ya robo saa kicheko kiliisha.

Binti wa dagaa alisimama bila karatasi. Akasema habari ya mbalamwezi kama alivyoniambia mimi kwenye benchi, na ile ya mihogo, na ya daftari. Darasa lilikuwa kimya. Akamaliza kwa kusema kwamba dagaa wanapumzika tayari, kwa hiyo kufunga tena ni kumwadhibu mama.

Aliyenyoosha mkono ni yule yule wa asilimia tisini. Akaanza kwa kuirudia hoja ya binti, taratibu, binti akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasema: "Lakini mbalamwezi inapumzisha nyavu. Sijui kama siku hizo ndizo dagaa wanazozalia. Na sangara havuliwi kwa taa, anavuliwa kwa nyavu za kutega na ndoano, kwa hiyo mwezi ukiwaka yeye bado anavuliwa. Wewe umeongelea dagaa. Mada inasema ziwa."

Binti akakaa kimya kidogo, akasema: "Basi mada ina makosa. Inabidi iseme samaki gani."

Mhariri, nilikuwa nimesimama nyuma ya darasa karibu na dirisha, na nakwambia kweli nilishika kingo za dirisha. Mtoto wa kidato cha pili ameikamata mada ya mwalimu wake na kuiona ina ufa. Hakuipinga kwa kelele, wala hakuogopa. Na mvulana aliyeshinda kwa kubuni, safari hii alisema "sijui" mbele ya watu 73 na hakuna aliyemzomea.

Baada ya hapo mambo yalifuatana. Mwingine akasema Ziwa Tanganyika ni kina kirefu, zaidi ya mita 1,400, na letu halifiki hata mita 100, na samaki wa kule ni migebuka na dagaa wa aina nyingine. Je, kilichowafaa wao kitatufaa sisi? Mwingine akaleta ramani. Ziwa letu asilimia 51 ni Tanzania, 43 Uganda, 6 Kenya. Tukifunga peke yetu, samaki hawana pasipoti, watavuka na kuvuliwa upande wa pili. Hapo wakagawanyika tena, kwa sababu kuna aliyejibu kwamba mwenye nusu ya ziwa akisubiri wote wakubali hatafanya lolote maishani. Sikuwaambia yupi kapatia. Waliniuliza, tena kwa hasira kidogo: "Sasa mwalimu, jibu ni lipi?" Nikawaambia mwandike barua, kila mtu ya kwake, na jibu litakuwa lenu. Wapo walioona nimewanyima haki yao.

Nilisahihisha barua 74. Zaidi ya kumi waliandika tarehe ya pili kwenye sehemu ya nne, yaani walibadili mawazo, na walieleza ni nani au ni nini kilichowageuza. Niliweka alama kwa mambo matatu: umetofautisha ulichoona na ulichosikia? Umemjibu mpinzani wako kwa hoja yake yenye nguvu, au umeokota ile dhaifu? Umesema wazi nini kingekufanya ubadili msimamo? Barua mbili zinazopingana kabisa zilipata alama sawa, na wenye barua walikuja pamoja kuuliza inawezekanaje. Niliwasomea kila mmoja ya mwenzake. Wakaondoka wakibishana, na kwa mara ya kwanza walikuwa wanabishana juu ya sangara badala ya kubishana nani kashinda.

Mwalimu mwenzangu, mtu ninayemheshimu, aliniuliza nani ameniruhusu kuwapa watoto mambo ya siasa za uvuvi. Nilimjibu kwa upole. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja mtoto kabisa, kwamba ana haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Na kabla ya sheria hiyo, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea alitaka shule imjengee raia akili ya kudadisi, na uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuchukua kinachomfaa, na kujiamini kwamba yeye ni mtu huru aliye sawa na wenzake. Tangu 2005 mtaala unasema umahiri, yaani mtoto aweze kukitumia anachokijua, na huu mpya ulioanza 2024 unausema tena. Ruhusa ninazo nyingi. Ninachokosa ni muda, na mwenzangu hapo alinikubalia, kwa sababu na yeye ana mikondo minne na anasahihisha usiku.

Kuna jambo moja la lugha siwezi kuliruka. Binti huyu huyu ninamfundisha Historia, kwa Kiingereza. Tulipofika kwenye mabadiliko ya uchumi wa kanda ya ziwa nikaweka swali la sangara: kuletwa kwake kulikuwa faida au hasara? Sangara alipandikizwa ziwani wakati wa ukoloni, miaka ya 1950, akaja kufurika miaka ya 1980. Furu, ambao walikuwa wa mamia ya aina, wakaliwa na wengi wakatoweka. Kisha vikaja viwanda vya minofu hapa Mwanza, ajira, fedha za kigeni. Furu alikuwa anakaushwa kwa jua tu. Sangara ana mafuta, hakaukiki kwa jua, anataka moshi, na moshi unataka kuni. Ni swali zuri sana. Binti akasimama akasema sentensi moja ya Kiingereza iliyovunjika, kwamba sangara mbaya kwa sababu anakula furu, akakaa. Nikawaambia wote: kusanyeni kwa Kiswahili, bishaneni kwa Kiswahili, tukishajua tunafikiri nini ndipo tutafute Kiingereza chake. Dakika tano hazikuisha akaniuliza: "Mwalimu, faida kwa nani, na mwaka gani?" Swali hilo mwanahistoria mtu mzima angelionea fahari. Lingebaki ndani ya kichwa chake kama ningeshikilia Kiingereza tangu mwanzo. Nimesikia shule ambako mtoto akinena Kiswahili anavalishwa kibao shingoni. Inaniuma sana, kwa sababu kibao kile hakimfundishi Kiingereza, kinamfundisha kunyamaza.

Wazazi nanyi nawaomba jambo moja tu. Mtoto akirudi nyumbani akauliza kwa nini, usimkate kwa ile methali ya asiyesikia la mkuu. Mwambie sababu yako. Kama huna sababu, mwambie utaitafuta. Yule binti mpole aliyekwenda kwa mzee mvuvi hakumvunjia heshima. Aliamkia, alikaa chini kwenye mkeka, alisikiliza mpaka mwisho, na mzee amemwita arudi kwa sababu hakumaliza. Adabu na kuhoji vilikaa kwenye mkeka mmoja.

Na walimu wenzangu, sisemi tuue mdahalo. Sauti ya yule mvulana ni kipaji na sitaki aipoteze. Nasema tusiwagawe kwa kidole kabla hawajatafuta, na jaji wa kwanza kuuliza "umeipata wapi?" awe mwalimu. Mimi sikuuliza, na nina alama 38 kwenye kitabu cha kumbukumbu cha shule zinazonikumbusha.

Mwisho, Mhariri, ombi langu kwako. Nimeambatanisha barua tatu za wanafunzi wangu, bila majina, kwa idhini yao na ya wazazi wao. Moja inataka ziwa lifungwe. Moja haitaki, hiyo ina habari ya mbalamwezi. Ya tatu inataka zifungwe kando tu, maji mafupi, kama alivyosema yule mzee, na ina tarehe tatu kwenye ukurasa wake wa mwisho. Najua nafasi ya gazeti ni ndogo. Ukizichapa, naomba uzichape zote tatu siku moja, ukurasa mmoja. Kama nafasi ipo ya moja tu, nirudishie zote, nitazibandika ukutani darasani.

Wako,
Mwalimu wa Kiswahili na Historia,
Ilemela, Mwanza